Maswali ya Wasomaji: Marejeo Yasiyolingana na Kurasa Zinazohama

Safari hii barua nyingi zimetoka Arusha na Moshi, na karibu zote zinauliza jambo moja: kazi imeandikwa, utafiti umefanyika, lakini imerudishwa kwa sababu ya marejeo au mpangilio wa kurasa. Tumechagua sita.

Shikamooni. Nasoma shahada ya uzamili huku Tengeru. Msimamizi amenirudishia sura ya pili na maneno mawili tu pembeni: "Marejeo hayalingani." Chuo kimeagiza APA, ule mtindo wa marejeo wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, na mimi nimetumia APA. Nimepitia mara tatu, kosa silioni. — *Mwanafunzi, Tengeru*

Marahaba. Inawezekana kabisa umetumia APA, ila umetumia APA mbili kwa pamoja. Toleo la 7 lilitoka Oktoba 2019, na tasnifu nyingi zilizoko kwenye rafu za maktaba ziliandikwa kwa toleo la 6. Mwanafunzi akichukua mfano kwenye tasnifu ya kaka yake wa mwaka 2016, halafu akanakili marejeo mengine kutoka makala za juzi, orodha inakuwa na sura mbili na msimamizi anaiona mara moja.

Angalia kwanza vitabu. Toleo la 6 lilitaka mji wa mchapishaji, toleo la 7 limeufuta. Ukikuta "Dar es Salaam: Oxford University Press" kwenye mstari mmoja na "Oxford University Press" peke yake kwenye mwingine, umeshapata kosa la kwanza. Halafu tazama DOI, ile namba ya kudumu inayotambulisha makala mtandaoni. Siku hizi huandikwa kama kiungo kamili kinachoanza na https://doi.org/, bila neno "doi" na nukta mbili mbele yake. Mwisho, angalia waandishi ndani ya matini. Zamani waandishi watatu hadi watano walitajwa wote mara ya kwanza. Sasa wakianzia watatu unamtaja wa kwanza na "et al." (yaani "na wenzake") tangu mara ya kwanza. Kwenye orodha ya mwisho mambo ni tofauti: huko unawataja wote hadi 20.

Tuchukue makala moja ya hapahapa nyumbani, ile ya Thompson na wenzake ya mwaka 2002 kuhusu barafu ya Kilimanjaro. Ina waandishi 11, kwa hiyo ndani ya matini ni (Thompson et al., 2002), na kwenye orodha wote 11 wanaandikwa. Mkia wake unasomeka hivi:

*Science*, *298*(5593), 589–593. https://doi.org/10.1126/science.1073198

Uangalie polepole, maana makosa mengi yamejificha humu. Jina la jarida limelala, yaani liko kwa herufi za mlazo, na namba ya juzuu, 298, imelala pamoja nalo. Namba ya toleo, 5593, iko kwenye mabano, haikulala, na hakuna nafasi kati yake na juzuu. Kurasa hazitanguliwi na "pp." wala "uk." kwa sababu hii ni makala ya jarida. Mwisho wa DOI hakuna nukta, kwa kuwa mtu akiibonyeza ikiwa na nukta kiungo kinaweza kukataa kufunguka. Jina la makala, ambalo linakuja kabla ya jarida, haliandikwi kwa mlazo, na herufi kubwa inabaki kwenye neno la kwanza, neno la kwanza baada ya nukta mbili, na majina ya pekee kama Kilimanjaro.

Kama unatumia Zotero, programu ya bure ya kupanga marejeo, usidhani imekumalizia kazi. Inachukua taarifa kama zilivyowekwa kwenye tovuti. Jarida likiweka jina la makala kwa herufi kubwa kila neno, Zotero italileta hivyohivyo. Fungua kila rejea, rekebisha pale kwenye Zotero yenyewe. Ukirekebisha ndani ya Word, siku utakapoiamuru isasishe orodha itayafuta masahihisho yako yote.

Na mpangilio: mstari wa kwanza wa kila rejea unaanzia ukingoni, inayofuata inaingia ndani sm 1.27. Tafadhali usiupate kwa kubonyeza Enter na Tab. Chagua orodha yote, bonyeza Ctrl na T. Ukitumia Tab, siku ukibadilisha ukubwa wa maandishi orodha nzima inasambaratika.

Ukimaliza, fanya ukaguzi wa pande mbili. Printi orodha, shika penseli, tafuta kila jina kwa Ctrl na F ndani ya kazi, tia alama. Jina lisilo na alama halikutumika, liondoe. Kisha pita kwenye matini ukitafuta mabano yenye miaka, hakikisha kila moja lina mwenzake kwenye orodha, na mwaka ni uleule. Tasnifu ya kurasa mia inakula kama nusu siku. Hakuna programu inayoifanya kazi hii vizuri kuliko jicho la mwenye kazi.

Naweza kumrejelea mtu niliyemsoma ndani ya kazi ya mtu mwingine? Wenzangu wote wanafanya. — *Msomaji, Majengo, Moshi*

Unaweza, kwa sharti kwamba useme ukweli kuhusu ulichokisoma. Ukiwa umekutana na wazo la A ndani ya kitabu cha B, unaandika kwamba A ametajwa na B, na kwenye orodha unamweka B peke yake. Kumweka A ambaye hukumfungua ni kusema uongo, hata kama ni uongo ambao wengi wameuzoea.

Turudi kwenye makala ileile ya barafu. Imenukuliwa mara nyingi mno kwamba ilitabiri barafu ya Kilimanjaro itaisha kati ya 2015 na 2020. Wewe uliyeko Moshi ukitoka nje asubuhi mawingu yakiwa yamefunguka, barafu unaiona bado ipo. Je, waandishi walidanganya? Wao waliandika kwamba *kama hali ya tabianchi ya wakati ule ingeendelea vilevile*, barafu iliyobaki ilielekea kutoweka kati ya miaka hiyo. Kuna sharti, na kuna neno la kukadiria. Mtu wa kwanza kunukuu akaacha sharti, wa pili akaacha ukadirio, wa tatu akaandika "itaisha 2020" kana kwamba ni tarehe ya mtihani. Wote walioandika hivyo wameweka jina la Thompson kwenye orodha zao. Makala yenyewe ina kurasa tano tu. Kuifungua ni kazi ya saa moja.

Kwa hiyo rejea ya mkono wa pili iwe kwa kazi usiyoweza kabisa kuipata: imeisha sokoni, au iko kwa lugha usiyoisoma.

Nina duka la steshenari karibu na chuo, Moshi. Wanafunzi wanaleta kazi kwenye fleshi, nikifungua kwangu kurasa zinahama: sura inaanzia katikati, yaliyomo yanasema ukurasa wa 34 na sura iko wa 37. Wananilaumu mimi. Pia wengi wanataka namba za kirumi mwanzoni na za kawaida kuanzia Sura ya Kwanza, na tunapoteza saa nzima. — *Mama Steshenari*

Mama, kosa si lako, na barua yako imetufurahisha kwa sababu wewe ndiye unayeziona kazi hizi katika saa yake ya mwisho.

Kurasa zinahama kwa sababu faili la Word halibebi kurasa, linabeba maagizo ya kuzipanga. Kompyuta yako inayapanga upya kwa vifaa ilivyonavyo. Kama mwanafunzi alitumia aina ya maandishi ambayo wewe huna, kompyuta inaweka nyingine yenye herufi pana au nyembamba zaidi, na mistari inasogea. Sababu ya pili ni karatasi. Kompyuta nyingi huja zikiwa zimepangwa kwa karatasi ya Kimarekani ya Letter, yenye upana wa mm 216 na urefu wa mm 279. Sisi tunaprinti kwenye A4, mm 210 kwa 297. A4 ni ndefu kwa mm 18, ambayo kwa nafasi mbili baina ya mistari ni karibu mistari miwili kila ukurasa. Zidisha kwa kurasa 90 uone sura ya tano inavyoweza kusafiri.

Dawa ni mwanafunzi alete PDF aliyoitengeneza kwake, ikiwa imewekwa kwenye A4 tangu mwanzo. Kwenye dirisha la kuprinti hakikisha umechagua ukubwa halisi, "Actual size", usiruhusu "Fit". Hiyo "Fit" hupunguza ukurasa kidogo, na pambizo ambayo chuo kimeipima kwa rula inakuwa si ile tena. Pambizo ya kushoto ndiyo inayosumbua zaidi. APA yenyewe inataka sm 2.54 pande zote, lakini miongozo ya vyuo mara nyingi huipanua ya kushoto, kwa sababu jalada gumu linameza sehemu ya karatasi kwenye mgongo. Asiyeiacha atasoma nusu neno mwanzoni mwa kila mstari, na kitabu kikishajalidiwa hakuna la kufanya.

Sasa namba. Bandika hatua hizi ukutani karibu na kompyuta:

Weka kasa, yaani kile kimstari kinachowakawaka unapoandika, mbele kabisa ya kichwa "Sura ya Kwanza". Nenda "Layout", kisha "Breaks", kisha "Next Page" iliyo chini ya "Section Breaks". Juu yake kuna "Page", usiichague hiyo. Inakata ukurasa bila kugawa kazi katika sehemu mbili, na bila sehemu mbili huwezi kuwa na namba za aina mbili.

Bonyeza mara mbili chini ya ukurasa wa kwanza wa Sura ya Kwanza. Juu utaona "Link to Previous" ikiwa imewaka. Izime. Hapa ndipo saa yenu nzima inapopotelea. Ikibaki imewaka, namba ukiifuta au kuisogeza huku, na kule kwenye kurasa za utangulizi inafutika au kusogea.

Ukiwa palepale chini, nenda "Page Number", "Format Page Numbers", chagua 1, 2, 3, na kwenye "Start at" andika 1. Kisha panda kwenye kurasa za mwanzo, rudia "Format Page Numbers", chagua i, ii, iii. Ukurasa wa jina la kazi huhesabiwa lakini hauonyeshi namba: weka tiki kwenye "Different First Page" ukiwa kwenye sehemu hiyo ya kwanza.

Kuhusu yaliyomo, tatizo ni kwamba mwanafunzi ameyaandika kwa mkono na kuweka nukta moja moja hadi mwisho wa mstari. Vichwa vya sura vipewe mtindo wa "Heading 1", vichwa vidogo "Heading 2", kisha "References" na "Table of Contents". Kila baada ya marekebisho, bonyeza yaliyomo kwa kitufe cha kulia, "Update Field", "Update entire table". Akifanya hivyo kabla ya kutengeneza PDF, 34 itakuwa 34. Na anayesukuma sura ukurasa mpya kwa kubonyeza Enter mara kumi na tano, mwambie kwa upole aziondoe na abonyeze Ctrl na Enter mara moja.

Natafiti historia ya ushirika Marangu. Nimehoji wazee tisa. Nawaweka wapi kwenye marejeo? Pia ninarejelea Azimio la Arusha, na mwenzangu wa sheria anauliza kuhusu hukumu za ile mahakama ya Rwanda iliyokuwa Arusha. — *Mtafiti, Kilimanjaro*

Wazee wako tisa hawaingii kwenye orodha ya marejeo. Wao ni data ya utafiti wako, sawa na dodoso au vipimo vya maabara. Unawaeleza kwenye sura ya mbinu: ni wangapi, uliwapataje, lini, kwa lugha gani, na kama uliandika au ulirekodi. Kwenye matokeo unawanukuu kwa alama, kwa mfano "Mshiriki wa 4, mwanamke, miaka 78". Ukiwaweka kwa majina kwenye orodha unaweza kuwa umevunja ahadi ya usiri uliyowapa kwenye fomu ya ridhaa. Mzee alikukaribisha barazani kwake akakueleza mambo ya shamba na ya ukoo, usimwache wazi mbele ya watu.

"Mawasiliano binafsi" ni kitu kingine. Hayo ni mazungumzo, simu au barua pepe na mtu ambaye si mshiriki wa utafiti, kama ofisa aliyekufafanulia jambo. Yanatajwa ndani ya matini tu, kwa herufi ya kwanza ya jina, jina la ukoo, maneno "mawasiliano binafsi" na tarehe kamili. Hayaendi kwenye orodha kwa sababu msomaji hana njia ya kuyafikia. Lakini kama sauti za wazee zimehifadhiwa kwenye nyaraka za chuo na mtu anaweza kwenda kuzisikiliza, hapo zirejelee kama rekodi nyingine yoyote.

Azimio la Arusha wengi huliandika Nyerere (1967). Mwandishi wake ni TANU. Lilipitishwa na Halmashauri Kuu ya chama kwenye kikao cha Arusha mwishoni mwa Januari 1967 na kutangazwa tarehe 5 Februari. Rejea ni TANU (1967). Ukinukuu insha au hotuba ya Mwalimu mwenyewe kuhusu Azimio, hiyo ndiyo ya Nyerere, kwa mwaka wa chapisho ulilolishika mkononi.

Kwa mwenzako wa sheria: hukumu inajulikana kwa wahusika, namba ya kesi na tarehe. Chukua ya Mwendesha Mashtaka dhidi ya Jean-Paul Akayesu, kesi namba ICTR-96-4-T, hukumu ya 2 Septemba 1998. Ile T ya mwisho inaonyesha ni hukumu ya awali. Ya rufaa ina A. Akiisahau herufi hiyo anaweza kumpeleka msomaji kwenye hukumu nyingine kabisa ya mtu yuleyule. Na anaponukuu, ataje namba ya aya, si ukurasa, kwa sababu kurasa hubadilika kati ya chapa moja na nyingine lakini namba za aya hubaki.

Kazi yangu imepita kwenye Turnitin, ile programu ya kukagua maandishi yanayofanana, na kupata 31%. Chuo kinataka isizidi 20. Je, mimi ni mwizi wa kitaaluma? — *Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Njiro*

Asilimia ile inapima kufanana kwa maneno, haipimi wizi. Fungua ripoti yenyewe usome rangi kwa rangi kabla ya kuanza kufuta. Mara nyingi orodha ya marejeo imehesabiwa, pamoja na tamko la mwanzoni ambalo wanafunzi wote wa chuo wanaliandika neno kwa neno. Mwombe mhusika aondoe marejeo na nukuu kwenye hesabu. Pia uliza kama rasimu yako ya kwanza ilihifadhiwa kwenye hazina yao. Kama ilihifadhiwa, ya pili inafanana na ya kwanza, yaani unafanana na wewe mwenyewe.

Ukishayaondoa hayo, kinachobaki kiangalie kwa uaminifu. Tuseme umesoma sentensi hii: "Bei ya kahawa inaposhuka, wakulima wa miteremko ya Kilimanjaro hung'oa mibuni na kupanda mboga kwa sababu nyanya hulipa ndani ya miezi mitatu." Wewe ukaandika: "Thamani ya kahawa inapopungua, wakulima wa miteremko ya Kilimanjaro hukata mibuni na kuotesha mboga kwa kuwa nyanya huleta fedha ndani ya miezi mitatu." Umebadilisha nguo, mwili ni uleule. Hata ukiweka jina la mwandishi mwishoni, bado umechukua sentensi yake bila alama za kunukuu.

Funga makala. Jiulize, huyu anadai nini? Anadai kwamba mkulima anahama kwa sababu ya muda wa kusubiri fedha. Sasa andika: "Kwa mujibu wa mwandishi huyu, kinachomwondoa mkulima kwenye kahawa si bei pekee bali pia kasi ya malipo ya zao mbadala," na uweke rejea. Fungua tena makala, linganisha, hakikisha hukumsingizia. Na pale maneno yake yanapokuwa bora kuliko yako, mnukuu kama alivyo pamoja na ukurasa. Kwa APA, nukuu yenye maneno 40 au zaidi inasimama peke yake, imeingizwa ndani sm 1.27 kushoto, bila alama za kunukuu.

Usimlipe mtu anayeahidi "kushusha asilimia". Anachofanya ni kubadilisha maneno kwa visawe hadi sentensi inapoteza maana, na siku ya kutetea kazi wewe ndiye utakayeulizwa ulimaanisha nini.

Naandika tasnifu kwa Kiswahili. "Et al." na "pp." niziache? Na Shaaban Robert aingie kwenye S au R? La mwisho: programu ya akili mnemba imenipa marejeo kumi mazuri sana, nayatumiaje? — *Mwanafunzi wa Kiswahili, Moshi*

Andika "na wenzake", "uk." kwa ukurasa mmoja na "kur." kwa kurasa, "mh." kwa mhariri. Kazi isiyo na mwaka iandikie "bila tarehe" kwa kirefu. Jina la kazi usilitafsiri, libaki kwa lugha yake. Shaaban Robert aende kwenye R, yaani Robert, S., na abaki hapo kazi nzima.

Yale marejeo kumi usiyatumie hata moja kabla ya kulifungua. Programu hizi huweza kuunganisha mwandishi wa kweli, jarida la kweli na jina la makala ambayo haikuandikwa kamwe, na zikakupa juzuu na kurasa zinazopendeza macho. Chukua DOI, ibandike baada ya https://doi.org/ na uone inakupeleka wapi. Ikisema haipatikani, au ikifungua makala ya mambo mengine kabisa, futa. Isiyo na DOI, ingia kwenye tovuti ya jarida, fungua juzuu iliyotajwa, tafuta ukurasa uliotajwa. Itakayobaki, isome yote, ndipo uiweke.